Uboho wa Kalolaine

Marehemu Kalolaine hakujua kunong'ona. Hata wakati wa sala ya kimya, waliokaa benchi la mbele walimsikia akimweleza Mungu shida zake kutoka benchi la nyuma. Jumamosi, akina mama wa kanisa letu la Ōtāhuhu, huku ugenini, walipokutana ukumbini kutengeneza kitambaa cha gome la mti, sauti yake ndiyo iliyoamua nani akae wapi, nani akoroge gundi ya wanga na nani afunge mdomo. "We Pisila, unapaka rangi au unambembeleza paka?" alikuwa akiuliza, na ukumbi mzima ukacheka, Pisila mwenyewe akiwa wa kwanza.

Alikuwa mjane, na Mungu hakumjalia mtoto. Lakini kwetu Watonga, watu wa visiwani, mwanamke mwenye ndugu wa kiume haitwi tasa. Watoto wa Kepueli, mdogo wake, walikuwa watoto wake kwa haki iliyompita hata mama aliyewazaa. Shangazi ndiye mkubwa. Mtoto akibatizwa, zawadi nzuri kuliko zote ni ya shangazi. Kijana akifikia utu uzima, keki ya ghorofa kadhaa huwekwa miguuni pa shangazi, naye akiamua kuibeba yote hakuna wa kukohoa. Kalolaine aliwahi kuibeba kweli. Kesho yake akaigawa mtaa mzima, akisimama kwenye kila mlango mpaka ahakikishe wamemeza.

Kwa Kepueli mwenyewe mambo yalikuwa ya namna nyingine, kwa sababu ndugu wa kiume hakai chumba kimoja na dada yake. Kalolaine aliishi kijumba cha uani, nyuma ya nyumba ya Kepueli. Kepueli akisikia kandambili za dada yake zikija, alizima televisheni, akavaa shati, akatokea mlango wa mbele huku dada akiingilia mlango wa nyuma. Hakugusa kikombe chake. Hakukanyaga mkeka wake. Hakutamka neno chafu mahali ambapo upepo ungeweza kulifikisha kwake. Huo haukuwa ugomvi hata kidogo. Ni heshima waliyolelewa nayo, na ndani yake walipendana kuliko ndugu wengi wanaokula sahani moja. Aliyepeleka maneno huku na huku alikuwa Lesieli, mke wa Kepueli.

"Wifi, mwambie mumeo paa langu linavuja."

"Kepueli, dada yako anasema paa linavuja."

"Mwambie dada nitapanda Jumamosi."

"Wifi, anasema Jumamosi. Na mimi nasema siku moja nitawatoza nauli nyie wawili."

Ndivyo walivyoishi mpaka Kepueli alipoanza kuchoka. Alikuwa mtu wa kubeba magunia ya unga kiwandani kama anayebeba mito, lakini sasa alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi akitafuta pumzi. Fizi zikatoa damu. Madoa ya zambarau yakamtokea mapajani bila ya kujigonga popote. Hospitali wakasema ni saratani ya damu.

Daktari alieleza polepole, na Fusi, muuguzi Mtonga wa wodi ile, akafasiri. Dawa kali ingeziua seli mbaya, lakini ingeua pia uboho, ile nyama laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Hivyo lazima apewe uboho wa mtu mwingine uote upya ndani yake. Uboho huo haupatikani kwa mtu yeyote tu. Pa kuanzia kutafuta ni kwa ndugu.

"Ana ndugu?" akauliza daktari.

"Wengi sana," akasema Lesieli.

Kesho yake wakaja. Walijaza magari mawili ya kanisa na gari moja la samaki: watoto wa baba wakubwa, watoto wa mama wadogo, mpaka mjukuu wa mjomba wa bibi. Wote walikunja mikono ya mashati wakiwa tayari kutobolewa. Na ni ndugu kweli, sisi hatuna jina jingine la kuwaita. Daktari alivua miwani akaifuta. Fusi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Jamani, daktari anataka wa baba mmoja na mama mmoja. Wengine mwende mkapate chai."

"Chai tumekuja nayo," akajibu mmoja, akainua birika.

Waliobaki wakawa wawili: Feleti, anayemfuatia Kepueli, na Maka aliyekuwa nyumbani Tonga, kisiwani Vava'u, ambaye damu yake ingeletwa kwa ndege.

"Na wanawake?" daktari akauliza. "Hana dada?"

Kepueli aligeuza uso dirishani. Feleti akatazama viatu vyake. Lesieli alitaka kusema, akauona uso wa mumewe, akanyamaza. Hata Fusi, aliyemfahamu vizuri Kalolaine, alishindwa kufungua kinywa. Mtonga gani atamtajia mwanamume mwili wa dada yake, tena mbele ya watu, tena kwa habari ya sindano na mifupa?

"Wanaume ndio hao wawili," akasema Feleti. Hapakuwa na uongo katika maneno hayo, na daktari aliridhika.

Wakati huo Kalolaine alikuwa ameketi mwisho wa ukumbi wa wodi, sufuria la majani ya majimbi yaliyopikwa kwa tui likiwa mapajani. Kila siku alikuja, na kila siku aliketi pale pale, maana haikumpasa kuingia mahali ambapo mdogo wake amelala nusu uchi. Swali la daktari alilisikia. Ukimya uliofuata aliusikia pia. Na yeye, mwanamke asiyejua kunong'ona, alinyamaza pamoja nao. Baadaye alimwambia Lesieli kwamba ukimya ule ulimkaa kifuani kama mfupa wa samaki, akashindwa kuumeza wala kuutema.

Feleti hakuwa na wasiwasi. Yeye na Kepueli walifanana kiasi kwamba mchungaji aliwahi kumpongeza mmoja kwa harusi ya mwingine. "Nitazameni," alisema, akijipiga mashavu. "Pua moja, meno mamoja, hata upara unaanzia upande mmoja. Mnapima nini?"

Majibu yalipokuja, Feleti alikuwa amelingana na kaka yake nusu tu. Maka hakulingana hata kidogo. Miaka hiyo nusu haikutosha. Walitafuta pia katika majina ya watu wa dunia nzima wanaojitolea, lakini wengi wao walikuwa wa asili ya Ulaya. Watu wa visiwa vyetu walikuwa wachache mno, na hakupatikana wa kulingana.

"Nusu!" Feleti alilia kama mtu aliyetukanwa. "Na hii pua je?"

Fusi akawaketisha kwenye chumba cha kungojea, akaacha mlango wazi kwa makusudi, kwa kuwa alijua ni nani aliyeketi nje.

"Pua haina kazi hapa," alisema. "Sikilizeni. Kila seli ya mwili wako ni nyumba. Ndani kuna jiko, na kila kilichomo ndani kinakatwakatwa vipande vidogo. Halafu kila nyumba inaweka vipande vyake kwenye sahani, inazitoa nje barazani. Mchana na usiku, bila kuchoka."

"Kama Jumapili," akasema Lesieli, "tunavyompelekea mchungaji sahani aone tumepika nini."

"Na majirani waone hatujapika nini," akadakia Feleti.

"Hivyo hivyo. Sasa, kwenye damu kuna askari. Wanapita baraza hadi baraza, wanachungulia sahani. Wakikuta chakula cha nyumbani, wanaenda zao. Wakikuta kipande cha kirusi, wanajua humu ndani mna mgeni mbaya, nyumba inavunjwa na mgeni wake humo humo. Ile sahani ni protini. Na sahani za watu hazifanani. Yako ina umbo la kushika vipande vya aina hii, yangu ya aina ile. Kila mtu anarithi seti moja kwa baba na seti moja kwa mama. Lakini baba naye ana seti mbili, na mama mbili, na kila mimba inachaguliwa upya. Ndugu wa tumbo moja wanaweza wakapata zile zile zote, au nusu, au wakapishana kabisa kama Maka."

"Na uboho unahusikaje?"

"Uboho ndio unaozaa askari. Nikimpa Kepueli uboho wa mtu mwingine, askari wapya watakuwa wa mtu huyo. Watapita kwenye mabaraza ya Kepueli. Wakikuta sahani ngeni, watadhani mji mzima umetekwa. Ngozi, ini, matumbo, wataanza kubomoa."

Kisha ikatokea sauti kule nje, nene, iliyowafanya wote waketi wima.

"Kwa nini Mungu asingetupa sahani moja sote? Ingekuwa rahisi."

Fusi hakugeuka. "Ingekuwa rahisi kwa ugonjwa pia, mama Kalolaine. Kirusi kimoja kikijifunza kuikwepa sahani hiyo, kinatumaliza sote. Zikiwa tofauti, kikinikwepa mimi, huenda wewe ukakinasa."

Kalolaine alifikiri. Bibi yao aliwasimulia mwaka ule meli ilipoleta mafua makubwa Tonga, jinsi walivyolala nyumba nzima na yeye peke yake akaamka, akachimba makaburi na binti wa jirani. Maisha yake yote bibi alijiuliza kwa nini yeye. Kalolaine aliona kwamba Mungu alipotugawia watu vyombo visivyofanana hakuwa mchoyo. Alikuwa ameweka akiba.

Akasimama, akaliweka sufuria kitini, akaja mpaka mlangoni.

"Na sahani zangu zikoje?"

"Dada!" Feleti alifunika uso. "Usiseme hivyo, dada, tafadhali."

"Nimeuliza zikoje. Sisi ni wa tumbo moja au mlinikuta ufukweni?"

"Dada, kaka akisikia..."

"Amelala chumba cha tatu, na mimi sauti yangu unaijua. Ameshasikia." Akanyoosha mkono wake mnene kwa Fusi. "Chota, mwanangu. Na wewe Feleti, kama unaona haya, tazama ukuta."

Feleti akatazama ukuta.

Alilingana. Seti ya baba ile ile, seti ya mama ile ile, kana kwamba Mungu alichota mara mbili kisimani akapata maji yale yale. Lesieli alipopata habari alipiga magoti palepale kwenye sakafu ya hospitali. Lakini Kepueli alipoambiwa, alisema hapana. Alisema kwa upole, na hakuna aliyeweza kumsogeza. Mchungaji alikuja akaomba naye, akaondoka. Daktari akasema dawa za kuusukuma ugonjwa nyuma hazitafanya kazi milele, na ukirudi kwa nguvu nafasi itakuwa imepita.

Kalolaine alifunga siku ile, hakula wala kunywa, akamwuliza Mungu waziwazi kama ni dhambi. Aliyemsikia akiomba kule uani ni jirani Msamoa, aliyesema Mungu hakupewa nafasi ya kujibu. Lakini alijibiwa, kwa sababu alitoka na uso uliotulia. Alimwambia Lesieli kwamba Mungu alipotaka kumpa mtu mwenzake wa kuishi naye, alianzia kwenye mfupa. Basi mfupa hauwezi kuwa mahali pa aibu.

Akavaa mkeka wake wa kiunoni, vazi letu la heshima, ule mzuri wa kanisani, akaenda hospitali. Fusi alivuta pazia kuzunguka kitanda. Kalolaine akaketi upande wa nje, mgongo ukiwa umeelekea pazia. Kepueli ndani akajikongoja kukaa. Lesieli alisimama katikati, mkono mmoja ameshika kitambaa cha pazia.

"Wifi, mwambie mumeo nimekuja."

"Amesikia, wifi. Masikio hayajaugua."

"Mwambie hata hivyo."

"Kepueli, dada amekuja."

"Mwambie dada namshukuru," Kepueli akasema. "Na mwambie mwili wake si dawa yangu. Mimi sijathubutu kukalia kiti chake. Leo niweke mifupa yake ndani ya mifupa yangu? Nilale nayo, nioge nayo, niende nayo chooni?"

Lesieli akasita. "Hilo la choo nalo nilipeleke?"

"Usilipeleke, limefika," akasema Kalolaine. Muuguzi mmoja aliyekuwa akipita akaziba mdomo kwa kicheko. "Mwulize, tangu azaliwe, lini amenikatalia neno langu?"

"Hajawahi," Kepueli akajibu kwa sauti ndogo. "Mwambie sijawahi."

"Basi mwambie mimi sikuja kuomba. Siombi kwa mdogo wangu. Nimekuja kumwambia nilivyoamua."

Kalolaine alipandisha pumzi. Na mara hii, Lesieli anasema, sauti yake ilishuka, ikawa kama ya watu wengine.

"Mwambie, kazi ya ndugu wa kiume ni kumkinga dada yake na msiba. Ndiyo maana anatoka nikiingia, ndiyo maana hasemi ovyo mbele yangu. Yote ni kunikinga. Basi anikinge. Asinifanye nimzike."

Lesieli alifungua kinywa ayapeleke maneno, hakuweza. Alikuwa analia. Hivyo Kepueli, kwa mara ya kwanza tangu walipokuwa watoto Vava'u, akazungumza na dada yake bila mtu katikati.

"Dada, ninaogopa."

"Unaogopa nini?"

"Ukitobolewa halafu nife. Nitakuwa nimekufa na kitu chako. Nitakuwa nimekuibia."

"Ukifa nitakuwa nimekusindikiza," akasema Kalolaine, bado amempa mgongo. "Mama alinituma nikushike mkono mpaka shuleni tu. Huku ni mbali zaidi. Nani mwingine unayemjua ana sahani zinazofanana na zako, aende na wewe mpaka ndani huko?"

"Mwambie daktari aje," Kepueli akamwambia mkewe. "Niseme mwenyewe."

Wakamtoboa Kalolaine mifupa ya nyonga akiwa usingizini. Alipoamka alitembea kwa kushika kuta, akimwambia kila mgonjwa aliyekutana naye kwamba wamemtoboa kama kopo la maziwa. Uboho ulipelekwa kwa Kepueli katika mfuko, mwekundu, mzito, bado una joto.

Fusi ndiye aliyesimulia kilichotokea chumbani, chumba kile kisichoruhusu vumbi wala wageni. Dawa zilikuwa zimemmaliza Kepueli. Nywele zilikwisha na midomo ilipasuka, na hakuweza kushika hata kijiko. Mkeka wake wa kiunoni haukuruhusiwa kuingia mle, usije na vijidudu. Lakini alipouona mfuko mlangoni, aliomba ainuliwe. Akachukua shuka safi la hospitali, akalikunja, akajifunga kiunoni juu ya gauni la mgonjwa, fundo limekaa sawa, kama mtu anayempokea mkubwa wake. Akainamisha kichwa. Daktari akauliza kama mgonjwa anaona kizunguzungu. "Hapana," Fusi akamwambia. "Dada yake ameingia."

Kisha wakangoja. Askari wapya wangeota au wasiote, wangezitambua sahani au wangeanza kubomoa. Kanisa lilishika zamu za maombi. Ngozi ya viganja ilipomwasha Kepueli, Lesieli hakulala, lakini ikatulia yenyewe. Hatimaye asubuhi moja Fusi akatoka mbio ukumbini, bila adabu ya kiuguzi, akapiga kelele kwamba chembe nyeupe, wale askari wapya, zimeonekana, na zinaongezeka. Kalolaine, kule mwisho wa ukumbi, alianza wimbo wa sifa kwa sauti ile ile, na wodi nzima ikajua.

Kepueli alirudi kazini, si kwenye magunia bali kwenye mizani. Walimweleza kwamba damu yake yote sasa inatoka kwenye uboho wa dada yake. Tangu siku hiyo hakutukana tena, hata mbele ya televisheni timu yetu ya raga ikifungwa. Hakuketi tena hovyo kifua wazi. "Nitafanyaje?" aliwaambia wenzake. "Yupo." Lesieli alisema miaka yote alikuwa amemwomba Mungu ampe mume mwenye kinywa safi, hakujua kwamba kingepitia nyongani kwa wifi.

Kalolaine amefariki mwaka huu, wiki ya Pasaka, moyo ulisimama akiwa anaanika vitambaa. Mungu amempumzisha, ingawa hatudhani amenyamaza. Alilazwa ukumbini juu ya mikeka na vitambaa alivyovitengeneza kwa mikono yake, na watu wakaja mpaka kutoka Vava'u. Kwa kuwa ndugu wa kiume ni wa chini mbele ya dada yake, Kepueli hakuingia alipolazwa. Alikaa nyuma ya ukumbi, penye moshi wa tanuri la ardhini, amejifunga mkeka mkubwa uliochakaa wa wafiwa wa chini, akimenya majimbi.

Kisu kikamteleza. Damu ikachuruzika kidoleni, nyekundu, nzima. Feleti akamtupia kitambaa cha jikoni. "Shika, kaka, futa."

Kepueli hakukishika. Aliuinua mkono juu ya kichwa chake, damu isidondoke chini mahali watu wanapokanyaga, akabaki hivyo. Lesieli akaja na leso nyeupe ya kanisani, akamfunga. Kisha Kepueli akachukua jimbi jingine, maana watu walikuwa wengi ndani na walikuwa hawajala.